Kila Mmoja Alivuka

Kayitare hakujua neno hata moja la Kijapani, na hilo halikumzuia kuwafasiria watu filamu ndefu ya Kijapani, kipande kwa kipande, majuma matano mfululizo. Maandishi ya Kifaransa yalikimbia chini ya picha upesi kuliko macho yake. Alikamata maneno mawili matatu, mengine akayatoa kichwani. Chumba chake cha video kilikuwa Kamembe, nyuma ya soko, na kila Jumapili baada ya misa mabenchi yalijaa: wauza vitenge, wavuvi wa Nkombo, akina mama wa Bukavu waliovuka mpaka kutoka Kongo kwa biashara. Yeye alikaa kando ya televisheni, mikrofoni mkononi, akiwasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake.

Majina ya Kijapani yalimshinda, kwa hiyo aliwabatiza wahusika upya, kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo. Mwanaume akamwita Delphin. Mwanamke akamwita Vero. Siku ile ya kwanza, mke wake Emerance, aliyekuwa akikaa mlangoni, alimtazama na kusema tu, "Vero. Haya."

Emerance alijua. Kabla hajamwoa, Kayitare alikuwa amemweleza yote: kwamba alikulia Bukavu, kwamba alimpenda binti mmoja huko, Véronique, na kwamba wazazi wake yeye waliporudi Rwanda wale vijana wawili walipanga jambo lao. Véronique angevuka Jumamosi na valizi yake ya nguo, Kayitare angempokea penye kilalo, lile daraja la mpakani la Rusizi ya Pili, upande wa Rwanda, kisha wangekwenda kwa padri. Kayitare alifika saa kumi na mbili asubuhi. Véronique hakuonekana. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na minne, Kayitare aliishi na jibu moja tu: alinikataa. Halikumzuia kula wala kulala, wala kumpenda Emerance. Lakini lilikuwepo, kama mwiba uliovunjikia kisiginoni. Unatembea nao, ila huusahau.

Jumapili ya mwisho wa filamu mvua ilinyesha. Chumba kilikuwa kimejaa pomoni mwanamke mmoja mnene alipoingia akikung'uta mwavuli, akatafuta nafasi kwenye benchi la nyuma. Kayitare alimtambua kwa namna alivyokunja mwavuli: aliuzungusha mara tatu, akaupiga kwenye goti. Delphin na Vero wakakaa dakika nzima kwenye kioo wakichezesha midomo bila sauti.

"Kayitare, umelala?" watu wakapiga kelele.

Filamu ilikuwa imefika penyewe. Wapendanao wa zamani, sasa wenye mvi, walikuwa wamekutana kwa bahati katika kituo cha treni, theluji ikianguka. Delphin upande huu wa reli, Vero upande ule. Delphin akafungua mdomo. Kayitare hakusoma hata neno moja la Kifaransa. Akasema:

"Vero, siku ile nilikungoja tangu saa kumi na mbili. Saa nne nikaona wamekufungia ndani, nikavuka nikufuate kwenu. Nilisimama mbele ya geti la kaka zako mpaka jioni. Kwa nini hukutoka?"

"Hee!" akapaza sauti Mzee Vénuste, mvuvi wa Nkanka ambaye hakukosa Jumapili hata moja. "Huyu Mjapani amefungua kinywa mara moja tu, wewe umesema ukurasa muzima!"

"Kijapani ni kifupi, Mzee."

Watu wakacheka. Kicheko hakijaisha, sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Hakutoka kwa sababu hakukuwa mule! Alikuwa ameshavuka! Kaka zake balimuchelewesha, akakimbilia kilalo cha Rusizi ya Kwanza kwa sababu ni karibu, akavuka huku, akateremka mpaka ya Pili. Anafika saa tano, hakuna muntu. Akakaa juu ya valizi yake mpaka saa ya kufunga mpaka, na maaskari bakimucheka."

"Rusizi iko Japani siku hizi?" mtu akauliza.

"Muache Maman, ameshaiona hii filamu."

"Nimeiona," akasema yule mwanamke. "Miaka makumi mbili na ine naiona."

Kayitare alishusha mikrofoni. Alikumbuka kwamba jioni ile alirudi kwa daraja la Kwanza kwa kuwa lilikuwa karibu na geti lile. Na Véronique, basi, alirudi kwa la Pili. Asubuhi walipishana, jioni wakapishana tena, na kiburi cha ujana kikafanya yaliyobaki.

Kwenye kioo Delphin alivua kofia, akainama. Treni ilikuwa inakuja.

"Avuke reli!" watu wakadai. "Kayitare, umuvukishe! Baoane!"

Wateja walimjua. Aliwahi kuwaozesha watu kwa mdomo huku picha ikionyesha mazishi. Safari hii aliinua mikrofoni, akasema taratibu:

"Delphin anasema, asante kwa kuniambia. Vero anasema, rudi nyumbani, chakula kinapoa."

Treni ikapita katikati. Ilipoondoka hapakuwa na mtu upande wowote. Watu walitoka wakinung'unika, isipokuwa yule mwanamke wa mwavuli.

Emerance alileta chai, vikombe vitatu. Wakakaa mlangoni, mvua ikipungua.

"Wanawake ba soko walinambia kuna muntu Kamembe anasema mambo ya Vero," akasema Véronique. "Nikasema, niende nimusikie huyo mushenzi."

"Umenenepa," akasema Kayitare.

"Na wewe umepata upara. Mungu hana upendeleo."

Emerance akacheka hadi chai ikamwagika. Véronique akaeleza habari zake: batoto bane, duka la vitenge, mume anaitwa Ntabaza, muntu muzuri. Kisha akatazama kikombe.

"Mimi nilisema umenikataa," akasema.

"Na mimi vilevile."

Mvua ikakatika. Véronique akasimama na mwavuli wake.

"Unapitia wapi?" Kayitare akauliza.

"Ya Pili. Ntabaza ananingoja pale na pikipiki. Yeye, hata nikichelewa, habanduki." Alisema bila ubaya, na Kayitare akakubali kwa kichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli. "Na filamu inayokuja, mwanamke umupatie jina lingine."

"Nilimwambia tangu siku ya kwanza," akasema Emerance.

Walimtazama akiteremka barabarani, akiruka madimbwi kama msichana. Alipokata kona, Emerance alikusanya vikombe.

"Kwa hiyo hakukukataa."

"Hakunikataa."

"Vizuri. Basi njoo tubebe mabenchi."

Kayitare akaingia ndani. Alibeba mawili kwa mara moja, jambo ambalo mgongo wake ulikuwa umelikataa tangu mwaka jana.