Barua Iliyosomwa Nusu

Kopo la biskuti lina kifuniko kigumu. Ukikibandua hutoa mlio mmoja mfupi, na alfajiri ile, kabla taa haijawashwa, mlio huo ndio ulioniamsha. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, miguu kainyoosha, anapapasa gizani vitu vya marehemu baba mkwe: tai, kitambulisho cha kazi ya reli, kitana kilichobakiwa na meno sita, na barua.

Nilikuwa nimelala kwa masaa manne tu. Mchana nafua mashuka ya hospitali, jioni naingia darasa la watu wazima, na uchovu ulikuwa umenifika hadi kwenye kucha. Lakini nilijua kwa nini amewahi. Mchana ule mume wangu akitoka zamu, na wifi yangu akifika, wangegawana vitu vya baba yao, na kila barua ingesomwa mbele ya wote. Iko moja ambayo hakutaka iuone mchana.

Akaniomba nimsomee hiyo kwanza, halafu niitie motoni. Yeye kusoma hajui. Zamani barua zake alisomewa na fundi cherehani wa jirani, msomaji wa mtaa mzima. Hii, fundi alipofika mstari wa tatu, alivua miwani, akakohoa, akaikunja. Akasema, "Shemeji, hapa tuishie." Mama mkwe alipombana, akatamka maneno mawili tu: nyumba ndogo. Mumewe amepata nyumba ndogo huko kazini.

Hakuuliza zaidi. Mke gani anayejiheshimu ataomba asomewe habari za hawara? Hakujibu barua ile wala zilizofuata. Miaka minne baadaye mumewe alirudi na kifua kibovu, wakaishi wakipeana salamu na chumvi tu, kila mtu na lake moyoni, hadi akazikwa. Watoto wakakua wakijua baba yao alikuwa na mwanamke mwingine.

Nikawasha taa. Mwandiko ulikuwa umelala upande, wino umefifia. Nilisoma kimya kwanza, kwa kidole, kama tunavyofundishwa. Nikarudia. Halafu nikatamani fundi yule angekuwa hai nimkabe shati.

Ningeweza kusema ni vilevile alivyosema fundi, nikaichoma, mama akanywa chai yake. Ana miaka sabini na mbili. Hasira yake ameizoea kama mto wa kulalia. Lakini alikuwa akinitazama mdomo, akingoja. Nikasoma kwa sauti.

"Nimepata nyumba ndogo. Ni chumba kimoja na jiko la nje, bati linavuja upande wa mlango tu. Kitanda nimeshaweka. Nijibu upesi nije niwachukue wewe na watoto, maana kuna mwenzangu naye anaitaka."

Mama mkwe aliniambia nirudie pale pa bati. Nikarudia.

"Kwa hiyo alikuwa ananingoja mimi," alisema.

Kisha akaguna: huyo fundi naye, na adabu zake. Nikadhani atacheka. Alifuta tu kitana kwa upindo wa kanga, jino moja moja.

Nikamuuliza kama bado niichome. Akasema watoto watamwonaje, kwamba alimnunia baba yao mpaka kaburini kwa sababu ya chumba na jiko? Nikamwambia, "Waambie hivyohivyo, mama." Akarudisha vitu koponi kimoja kimoja mpaka dirisha likaanza kuwa jeupe. Kisha akaiweka barua juu ya zote.

"Utaisoma wewe," alisema. "Mimi sauti haitatoka."

Binti yangu wa miaka sita alikuwa ameshaamka, kajifunika shuka mpaka kichwani, anauliza tunasoma nini. Bibi yake akamvuta mapajani, akamwambia kwamba babu aliwahi kupata nyumba ndogo, na bibi akakasirika. Mtoto akatazama vitanda vyetu viwili, ndoo, majiko na kabati lisilofunga.

"Hata hii yetu ni ndogo, Bibi."