Kivuli cha Upande wa Kushoto

Chumba cha mashine hakikuwa na dirisha, na mlango ukishafungwa, hata upenyo wa chini yake ulizibwa kwa kitambaa cheusi. Humo ndimo fundi wa picha alimomlaza dada yake kifudifudi, titi likiwa ndani ya kikombe kilichozungukwa na nyuzi nyembamba za kioo za kupitishia mwanga.

"Haya, leo nimegeuka ng'ombe wa kukamuliwa," dada akasema. Mtaani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo.

"Tulia, dada. Ukicheka picha inaharibika."

Chiriku ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na hadi leo waliishi nyumba moja. Profesa aliyeiunda mashine hiyo ya kutafutia uvimbe wa matiti kwa mwanga alipotaka wanawake wenye afya wa kuijaribia, fundi alimdokezea dada yake kwa mzaha tu. Chiriku akakubali kabla hajamaliza kuelezwa.

Mwanga ukiingia mwilini haupiti moja kwa moja. Hutawanyika huku na huko kama tochi iliyomulikwa ndani ya maziwa, na kinachotokea upande wa pili ni mabaki. Kompyuta huyachukua mabaki hayo na kukisia yamepita wapi. Shida ni kwamba makisio mengi yanaweza kulingana na mwanga uleule, na mashine haikuambii lipi la kweli.

Picha zilipotoka, titi la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa na kivuli.

Fundi akaibana hesabu ya kompyuta isikisie ovyo, kivuli kikafifia. Akailegeza kidogo, kikarudi kimenenepa. Akaenda kwa Profesa.

"Huo ni uchafu wa hesabu," Profesa akasema. "Na hata kama siyo, mashine bado haijathibitishwa. Aliyejitolea haambiwi kitu. Sharti hilo unalijua."

"Ni dada yangu."

"Ndiyo maana hukupaswa kumleta."

Fundi akatoka na kaa la moto mdomoni. Kulitema ni kuvunja sharti, tena labda kumtia dada yake kiwewe cha bure. Kulimeza, je, kama ni kweli? Nyumbani akaanza kumkwepa. Chiriku akiingia jikoni, yeye anakumbuka nguo za kuanua. La ajabu, Chiriku naye alipoa. Walikula kila mmoja akitazama sahani yake, na nyumba ile iliyozoea kelele ikawabana kama kiatu cha mtoto.

Siku moja wakiosha vyombo, fundi akashindwa.

"Dada, kuna kitu nimekiona kwenye picha yako. Huenda si kitu. Lakini twende hospitali."

Chiriku akaacha kusugua. "Umekiona upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto?" Akakausha mikono polepole kwenye kanga yake. "Basi mashine yenu kipofu. Uvimbe wangu uko kulia."

Akauvuta mkono wa mdogo wake, akauweka karibu na kwapa. Fundi akaugusa: mgumu, hausogei, mfano wa punje ya mahindi makavu.

"Tangu lini, dada?"

"Kabla sijaja kwenye mashine yenu. Hospitali naiogopa, mama aliingia kwa miguu yake akatolewa amebebwa. Nikasema, mdogo wangu ataona, ataniambia yeye. Ukanyamaza. Nikajifariji, kama kanyamaza basi nimepona. Lakini mkono kila mara unarudi palepale."

Fundi akaondoa mkono. Kumbe siku zote zile ukimya wake ulikuwa jibu.

Hospitali hawakukuta kitu kushoto. Kulia ilikuwa saratani, bado haijasambaa. Chiriku akapasuliwa, akaanza dawa, nywele zikamtoka, na mdomo ukamrudia: akawa anawaambia wauguzi kuwa sasa anaokoa sabuni.

Fundi akamweleza Profesa yote. Walipoikagua mashine, wakaona kushoto uzi mmoja haukuugusa ngozi vizuri, ndio uliozua kivuli. Na karibu na kwapa mwanga haukuwa ukifika kabisa.

"Wale wengine waliojitolea," fundi akasema. "Nao wamekwenda nyumbani na ukimya wetu. Tuwaite."

"Tuwaite tuwaambie nini? Kwamba hatujui?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Profesa akaguna. Akasema atalifikisha kwenye kamati, na mpaka kamati ikae, fundi asimguse tena mwanamke yeyote aliyejitolea, wala asimpigie mtu simu. Abaki na matiti ya plastiki, ayapige picha mpaka mashine inyooke.

Sura za wale wanawake fundi alizikumbuka moja moja: yupi alikuwa na baridi, yupi alimuuliza, "Ni salama, mwanangu?" naye akaitikia kwa kichwa.

Akaingia chumba cha mashine, akafunga mlango, akainama kusukuma kitambaa cheusi mpaka upenyo ukaziba. Kisha akaketi gizani, simu mkononi na orodha ya wale wanawake mapajani, akasikiliza kama kuna hatua za Profesa zinazorudi.