Kundi Si Soko

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, Madamu Épiphanie aliwaapia wazazi wa Nzahaha kwamba masomo ya darasa la tatu hayatalala. Kila asubuhi alijifungia chumbani, mbali na makelele ya kuku, akarekodi somo la hesabu na kulituma kwenye kundi la WhatsApp. Mwishoni aliuliza swali, akangoja.

Kimya. Hata salamu hakuna.

Mwanzoni alijipa moyo, kisha moyo wenyewe ukachoka. Kuzungumza na simu kama mwendawazimu, na asitokee hata mmoja wa kukuitikia! Asubuhi moja aliamka amekata shauri: anakwenda kwa direkteri wa shule kumwambia atafute mwingine. Alilia kidogo akifunga kitambaa, maana kazi hiyo aliipenda kupita kiasi.

Njiani akamkuta Maman Bashige, mama wa mwanafunzi wake, akipalilia maharage. Huyu alikuwa mchuuzi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliowatoa Bukavu kabla mpaka wa nchi haujafungwa. Épiphanie hakuweza kujizuia.

"Maman Bashige, masomo yangu munayatupa?"

"Kutupa? Madame, batoto banasikiliza kila siku! Ba jirani banakuja kwangu, juu simu iko moja. Bashige akipata jibu, banamupigia mikono sawa mu classe."

"Sasa juu ya nini hamujibu?"

Maman Bashige aliinamia jembe lake. "Si weye ulitukataza? Ulisema groupe si soko, muntu asiweke kitu pale. Tukaogopa."

Épiphanie akashika kinywa. Wiki ya kwanza akina mama wa wanafunzi walijaza kundi picha za sambaza na vitunguu, naye akawakemea kwa ile sauti yake ya darasani. Wakatii. Jamani, walitii mno!

Alicheka hadi machozi yakamtoka, safari hii ya raha. Akasimama palepale kwenye maharage, akarekodi: "Bazazi, munisamehe. Mujibu, museme kila kitu. Saba mara munane?"

Haukupita muda, simu ikaanza kutetemeka. "Hamsini na sita!" ilisema sauti nyembamba, na nyuma yake makofi. Ikaja nyingine, na nyingine, makofi kutoka vilima vyote. Épiphanie aligeuza njia kurudi nyumbani kuandaa somo la kesho.

Kisha ikaingia picha ya beseni la vitunguu. "Madame, sasa tunaweza kuuzisha?"

"Niwekee kilo moja," mwalimu aliandika, mbele ya darasa zima.