Mashine Haikosei

Jumatatu asubuhi Awinja alikuwa wa kwanza kwenye benchi la chama cha wakulima wa miwa pale Lurambi, amevaa gumbuti na ameshika muwa mmoja uliotoa maua. Alikuwa ametoka nao Navakholo. Muwa ukitoa maua huanza kukauka moyo, na miwa yake yote ilikuwa imefikia hali hiyo kwa kungojea kibali cha kukatwa.

Nyuma ya kompyuta alikaa Protus, mtoto wa kaka yake. Mwaka huo wa 1999 kompyuta ilikuwa mali ya chama, lakini mtu mwingine akiigusa Protus alipumua kwa nguvu mpaka mkono uondolewe. Ndiye aliyekitengenezea chama kurasa za kuonyesha kila mkulima na shamba lake. Kozi aliisomea Kisumu, na mtamba wa Awinja ndiye aliyeuzwa ili aisomee.

Aliandika jina la shangazi yake. Kioo kikajibu: hayupo.

"Angalia tena," Awinja alisema.

"Senje, mashine haikosei. Labda ni nyinyi hamjui kujiandikisha."

Alisema kwa sauti, benchi lisikie. Benchi likacheka. Awinja akatazama gumbuti zake.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Makhanu, mume wa Awinja, aliyezikwa nyuma ya jiko mwaka wa tisini na tatu. Alivaa ile suti ya kijivu ya mazishi, kola ikiwa na udongo. Alisalimu "Mulembe," na kioo kikaleta jina lake mara moja. Baada yake akaja babu yake Protus, kisha mwalimu wa kwaya aliyekufa kwa malaria, kisha majirani waliozikwa zamani. Wote walipatikana. Kati ya walio hai hakupatikana hata mmoja. Watu walilalamika kwamba marehemu wanaruka foleni, na kwamba wanachafua sakafu. Meneja, Bwana Osiako, akaagiza gunia liwekwe mlangoni.

Protus alianza kusikia joto masikioni. Hawa watu aliwajua. Alipokuwa akijaribu kurasa zake alihitaji majina ya kujaza kwenye hifadhidata ya majaribio, na kwao jina la mtu aliye hai huliandiki mahali unapojua utalifuta. Kwa hiyo aliandika marehemu, akajiona mjanja sana. Kisha akasahau kuzielekeza kurasa kwenye hifadhidata ya kweli.

Akafungua faili ya mipangilio. Akabadilisha jina la hifadhidata. Kurasa zikakataa kufunguka, kwa sababu neno la siri lilikuwa bado la ile ya majaribio. Akabadilisha neno la siri. Zikakataa tena, kwa sababu zilikuwa zinatafuta kwenye kompyuta yake, na majina ya kweli yalikaa kwenye ile ya chumba cha meneja.

"Kijana, imekufa?" Osiako aliuliza.

"Inapumzika tu, mzee."

"Kama hawa," Osiako akasema, akionyesha benchi kwa kidevu. Marehemu wakacheka kwa adabu.

Alasiri kurasa zikafunguka. Marehemu waliinuka mmoja mmoja, wakapangusa viatu kwenye gunia, wakaenda zao. Ni Makhanu tu aliyebaki ameketi.

Walio hai wakaanza kupatikana. Awinja akaitwa. Hayupo. Protus alipitia mipangilio yote upya, mstari kwa mstari, na haikuwa na kosa. Mwisho, kwa vidole vizito, akaandika Makhanu. Kioo kikamtoa Makhanu na shamba la Navakholo, na miwa iliyomo, na palizi yote ambayo Awinja alikuwa ameifanya kwa mikono yake tangu mazishi.

"Si nilikuja kubadilisha mwaka ule ule?" Awinja alisema. "Mkaniambia nilete sahihi za mashemeji."

"Na wao?" Protus aliuliza.

"Wananiambianga kesho."

Osiako alikuja akasoma kioo. "Sasa mwenye shamba si huyu hapa? Atie sahihi, mambo yaishe."

Makhanu alitia sahihi polepole, maana mkono ulikuwa umesahau kalamu. Karatasi ikabaki na udongo. Lori lilikwenda Navakholo, miwa ikakatwa ikiwa imeshapoteza uzito, na malipo yakatoka kwa jina la Makhanu. Huko aliko hana pa kuyatumia, kwa hiyo ndugu zake wakampokelea.

Tangu hapo, msimu wa kukata ukifika, Makhanu hutoka nyuma ya jiko na Awinja humpangusa kola kabla hawajaondoka, kwani ofisini si vizuri kwenda hivyo. Huketi pamoja kwenye benchi. Zamu yao ikifika, Protus huandika kwanza jina la shangazi yake, bila kuambiwa.

"Hayupo," husema, macho kwenye vitufe.

"Usijali, mwanangu," Awinja humjibu, kwa sauti ndogo, benchi lisisikie. "Mashine haikosei."

Kisha humpisha mumewe.