Zamu za Mzee Ubeid

Salwa aliihesabu mihuri mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza hakuyaamini macho yake. Kadi ya babake ilikuwa na visanduku ishirini na vinne, kimoja kwa kila siku ya matibabu, na kwa idadi ya siku alizomfikisha mzee zahanati yeye mwenyewe, kumi na saba vilipaswa kuwa vimepigwa mhuri. Vilivyopigwa vilikuwa vinne. Kadi ilikuwa imedondoka kutoka mfukoni mwa kanzu ya mzee, Alhamisi jioni, Salwa alipokuwa akiichukua kanzu hiyo aifue kwa ajili ya swala ya Ijumaa.

Vinne, jamani. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa karibu wiki sita, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri. Alimpikia babake uji usio na sukari na kuvumilia malalamiko juu ya uji huo. Alimvisha kiatu kipana kilichokatwa mbele, akamshika mkono kutoka chumba chake cha kupanga cha Ukunda mpaka zahanati ya njia ya Diani, akamketisha kwenye benchi, kisha akakimbilia hotelini kufua mashuka, ambako msimamizi alishachoka kusikia habari za mguu. Na jioni akiuliza, "Vipi leo, Baba?" jibu lilikuwa lile lile: "Alhamdulillahi, salama." Salama gani hiyo ya mihuri minne?

Mzee Ubeid alikuwa fundi cherehani wa Vanga. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, na taratibu nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Ramadhani iliyopita alikanyaga sindano iliyovunjika, ikazama unyayoni, akatembea nayo siku mbili bila habari, mpaka mkewe alipoona damu kwenye mkeka. Barabara ya Vanga nayo ilikuwa imeliwa na mvua za El Niño, na mpaka wanafika hospitali ya Msambweni kidonda kilikuwa kimeshaota mizizi. Kilisafishwa, kikafungwa, kikakataa kupona. Mwezi wa sita daktari wa upasuaji alisema waziwazi: kama mwisho wa Julai kidonda hakijaanza kujifunga, mguu utakatwa chini ya goti.

Ndipo Salwa aliposikia kwamba kuna daktari mgeni aliyekuja na mashine ya taa nyekundu ya kumulikia vidonda vya kisukari, anaijaribu kwa wiki nane bila malipo, kisha anaondoka nayo. Muuguzi wake, Linet, mtu wa bara asiyejua kupamba maneno, alimwambia kwamba hakuna anayejua kwa hakika taa hiyo ina nguvu kiasi gani. Lakini kila anayeingia huoshwa kidonda, hukatwa nyama iliyokufa, halafu humulikwa dakika ishirini. Nafasi zilikuwa kumi kwa siku. Salwa alisimama mlangoni pa Linet asubuhi nne mfululizo mpaka akapata moja, nambari sita, akamleta mzee kwake kutoka Vanga. Waliokosa nambari walikuja vilevile, wakaketi mwisho wa benchi wakitumaini kwamba mmoja wa wale kumi hatatokea.

Jioni ile ile alimngoja mzee amalize kuswali.

"Baba, samahani. Hii kadi ina mihuri minne."

"Ndiyo," alisema mzee, akiitazama kana kwamba ni kadi ya jirani.

"Na zile siku nyingine ulikuwa ukifanya nini kule?"

"Nilikuwa nimekaa, mwanangu."

"Umekaa ukingoja nini? Si wewe una nambari yako?"

"Ninayo. Lakini kuna watu pale wana hali ngumu, Salwa. Kuna mama mmoja anaitwa Kache, akikanyaga chini machozi yanamtoka. Kuna Chome, mguu unamwaka moto hata usingizi hapati. Hao hawakupata nambari. Mimi siumwi hata chembe. Sasa niwapite watu wanaolia, niende nikamulikwe mguu usiouma? Uso wangu nitauweka wapi?"

Mtu hampigii babake kelele. Salwa alitoka nje akaisugua sufuria iliyokuwa safi, akaisugua mpaka vidole vikamuuma. Huko kutoumwa ndiko ugonjwa wenyewe! Daktari wa Msambweni alimweleza hivyo, Linet alimweleza, yeye mwenyewe alimweleza mpaka mate yakamkauka. Mtu katembea na sindano mguuni siku mbili, na bado anaupima ugonjwa kwa maumivu.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Msimamizi alimtazama vibaya, naye akamwacha atazame. Walipofika zahanati mzee aliitwa chumba cha pili kupimwa sukari, na Salwa akaitumia nafasi hiyo.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwanamke aliyefunga mguu kwa leso. "Wewe ndiwe Kache?"

"Marahaba. Ndimi."

"Unapokea zamu za babangu?"

Kache aliinamisha kichwa. "Nilikataa, mwanangu. Nilikataa mara tatu. Akaniambia nikikataa nitakuwa nimemdharau. Mtu mzima kama yule, keshasimama, keshaniita binti yake. Ningemkatalia vipi?"

"Mimi kanipa nne," alisema mwanamume mnene kando yake, ambaye ndiye Chome. "Nilijua si haki. Lakini mzee anakushika mkono, anakusindikiza hadi mlangoni. Utafanyaje?"

Wengine wawili nao wakakiri. Benchi zima lilikuwa na adabu za kupigiwa mfano, na kwa adabu hizo walikuwa wakimkata babake mguu wakisaidiana. Salwa alitamani angalau mmoja wao awe mwizi, apate wa kumtukana.

"Basi leo mkatalieni," alisema.

"Siwezi," alisema Kache.

Chome alikuna kidevu. Tangu juma lililopita alikuwa amepata nambari yake mwenyewe, ya mgonjwa mmoja aliyehama. "Kumkatalia hatuwezi," alisema. "Lakini kumpa tunaweza."

Mzee alirudi, akawajulia hali mmoja mmoja kana kwamba yuko barazani kwake, akaketi. Linet alipoita nambari tatu, Chome aliinuka, lakini badala ya kwenda mlangoni alisimama mbele ya mzee.

"Mzee Ubeid, hii ni zamu yangu na nimekupa wewe. Nimekula zako nne, sijarudisha hata moja. Ukiikataa mbele ya watu hawa, mimi benchi hili sitaliketi tena."

Mzee alitafuta wa kumsukumia. Kache alikuwa akitazama ukuta. Wengine walikuwa wakichunguza bandeji zao. Alishikwa pabaya, naye alijua. Aliinuka, akashukuru kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika, akaingia, na Salwa nyuma yake.

Linet alifungua bandeji, akaosha, akakata kilichokufa. Aliweka karatasi laini ya plastiki juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa kalamu. Kisha akasogeza ile mashine, kisanduku chenye safu za taa ndogo nyekundu, unyayo wote ukawa mwekundu.

"Mbona siisikii?" aliuliza mzee.

"Hata ningekuchoma na moto huwezi sikia, Mzee. Si nilikuambia?" Linet alitoa plastiki nyingine kwenye faili, iliyochorwa siku ya kwanza, akaiweka juu ya ile ya leo. Mchoro wa leo ulijitokeza pande zote. "Ona. Kimekua."

Mzee alizitazama. "Na cha Kache?"

"Cha Kache? Kimepungua nusu."

"Na Chome?"

"Chome amebakisha kidogo tu."

Uso wa mzee ukakunjuka. "Basi zamu zangu hazikupotea."

"Zimepotea, Baba."

Salwa hakupaza sauti, lakini hakuna aliyewahi kumjibu mzee namna ile, na Linet aliacha kuandika.

"Mungu awaponye wote, siwaonei kijicho. Lakini kila ulipowapa wao, ulininyang'anya mimi. Baba ninaye mmoja. Umemgawa hapo benchi wiki sita, wala hukuniuliza."

Alingoja kukemewa, na alikuwa tayari. Mzee hakukemea. Aliutazama mguu chini ya ile nuru, akautazama sana, halafu akamtazama bintiye.

"Wewe unaumwa?"

"Naumwa, Baba. Kila siku."

Mzee aliusogeza mguu mwenyewe mpaka ukakaa sawasawa chini ya taa.

"Sikujua," alisema. "Ningejua kuna anayeumwa na mguu huu, ningempisha tangu siku ya kwanza."

Linet alipiga mhuri wa tano. Zilikuwa zimebaki siku sita.