Mgongo Usioinama Asubuhi

Kila asubuhi kwa siku arobaini tangu ndoa, Muqaddas alitakiwa asimame mlangoni, utaji usoni, ainame mara tatu kuwasalimu wakubwa wa nyumba. Ndivyo ilivyo mjini Marg'ilon. Sijui nani aliyewaambia watu kwamba adabu hukaa kiunoni, lakini walimwamini. Na Muqaddas, binti wa miaka ishirini na mitatu, aliinamisha kichwa tu. Mgongo ulikuwa mkavu kama ubao.

Ikifika saa sita mchana, binti huyohuyo ameshakanda unga wa mikate ishirini, ameibandika tanurini, na anacheka na majirani. Mama mkwe wake, Hosiyat, akaona anadharauliwa.

"Mgongo gani huu unaojua kusoma saa? Kwa unga unainama, kwangu huinami."

"Mama, nikitembeatembea unalegea."

"Kumbe mimi ndiye ninayeukaza."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mganga wa mifupa alimlaza Muqaddas chali wiki mbili. Akaamka hoi kuliko mwanzo. Mumewe, Elyor, alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, na kwenye simu jibu lake lilikuwa moja: msikilize mama. Mwishowe Hosiyat akatoa neno. Ijumaa ukoo mzima unakuja. Bi harusi asipoinama mpaka chini, sanduku lake la harusi linarudi kwa baba yake, naye alifuate.

Jumatatu Muqaddas akajitanda shali akaenda hospitali bila kuaga. Bi harusi hatoki nje kabla siku arobaini hazijaisha, na amri hiyo aliisikia vizuri sana. Aliikataa tu.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alianza kwa maswali. Maumivu yalianza lini? Polepole, miaka mitatu sasa. Asubuhi mgongo unakaza kwa muda gani? Saa nzima na zaidi. Ukipumzika? Unazidi. Maumivu yanakuamsha kabla hakujapambazuka? Ndiyo. Na matako? Muqaddas aliona haya, akasema leo kushoto, kesho kulia.

"Miaka mitatu, na hakuna aliyekuuliza haya?" Daktari alikasirika kwelikweli. Alhamisi majibu ya damu na picha yakatoka: uvimbe kwenye maungio, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. "Huu si uvivu. Ni ugonjwa, na huwaanza vijana. Utakunywa dawa, utafanya mazoezi kila siku. Ukiuachia, mifupa hushikana."

Ijumaa asubuhi wakubwa walijipanga. Muqaddas akasimama wima, akafunua utaji.

"Asalamu aleikum. Salamu yangu ndiyo hiyo, imetoka mdomoni. Mgongo wangu unaumwa, na ugonjwa una jina, karatasi hii hapa. Anayetaka kuniona nimeinama aje saa sita, nitakuwa nakanda unga."

"Litoeni sanduku lake," Hosiyat akasema.

Aliyejibu ni Mzee Tursunboy, mkubwa wa ukoo, aliyekaa kidevu kimegusa kifua. Alipinda hivyo tangu ujanani, na mji mzima ulimsifu kwa unyenyekevu.

"Mimi pia ulinianza asubuhi," alisema, akiongea na magoti yake. "Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wakasema kijana huyu ana adabu, nami nikanyamaza. Miaka hamsini sijaiona mbingu. Sanduku halitoki. Simama hivyohivyo, mwanangu."

Hosiyat hakuamini kama mzee anasema kweli. Ikambidi ainame mpaka karibu na zulia, ndipo auone uso wake.