Nguo za Shedli

Bi Manubia alimfulia mwanawe tangu akiwa mchanga, na hata Shedli alipofungwa miaka minne kwa kumpiga mgambo wa sokoni, hakuacha. Kila Jumanne kapu la chakula lilikwenda gerezani, na kila Jumanne mfuko wa nguo chafu ulirudi. Alipanda nao hadi kwenye paa, akaketi mbele ya beseni na kipande cha sabuni ya kijani, akazigeuza nguo ndani nje, moja moja, kabla ya kuzitia maji. Alikuwa akizisoma. Magoti ya suruali yakiwa yamesagika alisema, anaswali. Akikuta tone la mchuzi kifuani alisema, anakula.

Hayo nilisimuliwa na Radhia, bintiye. Mimi naitwa Beya. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa katika duka la drai klina la Bwana Monji, karibu na lango la kale la Bab el Khadra, nikitoa madoa na kupiga pasi.

Mwezi wa kumi Bi Manubia alikuta damu kwenye kola ya shati. Si nyingi, kiasi cha ukucha. Alianguka palepale juu ya paa, na majirani wawili wakamteremsha. Daktari alisema presha imepanda vibaya, na mshtuko mwingine kama huo huenda asiupone. Radhia ndiye aliyekuwa akienda gerezani, kwa kuwa magoti ya mama yake hayakuweza tena safari ya saa mbili kwa basi. Alimuuliza kaka yake kupitia kioo, naye akacheka, akasema pua tu ilitoka damu. Radhia hakuamini. Yeye na mama yake waliamini jambo moja: askari wa gereza wanampiga.

Basi akatunga uongo. Alimwambia mama yake kwamba gereza limetoa amri mpya kwa sababu ya upele: nguo zote zipite kwa dobi wa mashine, ziingie na karatasi ya duka. Bibi alibisha wiki nzima. Alisema mashine inajua nini juu ya mtoto wa mtu. Mwishowe akakubali, kwa kuwa aliogopa mwanawe akose nguo wakati baridi inakaribia.

Radhia akaniletea mfuko wa kwanza, akausukuma juu ya meza bila kuufungua.

"Dada Beya, toa kila kitu. Mama akizishika asione hata tone."

Wateja wengi huniambia maneno ya namna hiyo, na mimi si mtu wa kuuliza. Nikatoa.

Mpaka mwezi wa kumi na mbili zilikuwa nguo za mwanamume yeyote. Halafu nikakuta kitu kwenye sweta, mkono wa kulia, sehemu ya ndani ya kiwiko. Vitone vidogo, rangi ya waridi zaidi kuliko nyekundu, vimegandamana na kitu kama ute. Wiki iliyofuata vilikuwa pale pale, vimeongezeka. Mtu akipigwa damu humwagika popote, haichagui kiwiko. Kiwiko ndipo mtu anapokoholea. Baba yangu alikuwa mchimbaji wa fosfeti huko Gafsa, na mimi ndiye niliyefua mashati yake mpaka siku ya mwisho.

Damu haitoki kwa dawa ya mashine. Nilizichukua zile nguo nyuma ya duka, nikazilowesha kwa maji baridi na chumvi, nikazifikicha kwa mikono, kama ambavyo mama yake angefanya. Kisha nikazipiga pasi na kuzibandika karatasi ya duka.

Nilimwambia Radhia, lakini nilimwambia nusu. Nilisema kaka yako ana kikohozi. Akasema kule baridi inapita kwenye kuta, kila mtu anakohoa, atamnunulia asali. Neno kifua kikuu lilinifika mdomoni nikalimeza. Nilijiambia mimi si daktari. Nilijiambia pia kwamba gerezani kuna daktari, ingawa hilo sikuwa na hakika nalo.

Mwezi wa kwanza, asubuhi ya mvua, Bi Manubia alikuja dukani mwenyewe. Alikuwa amevaa safsari yake nyeupe, shuka la kujitandia mwili mzima, ncha moja ameibana kwa meno, na alishika ukuta mpaka akafika kwenye kiti. Alisema nguo za mwanawe siku hizi zinanuka dawa tu, hazimwambii kitu. Akaniuliza kama ni mimi ninayezishika kabla hazijaingia kwenye mashine. Nikasema ni mimi, mama.

"Zinakuwaje?"

"Chafu tu. Jasho na vumbi."

"Damu je?"

Nilikuwa na pasi mkononi na suruali ya mtu mbele yangu. Sikumtazama.

"Hakuna, mama."

Akaniombea Mungu anihifadhie mikono yangu, akaondoka taratibu mvuani.

Mwezi wa pili Radhia alileta mfuko mwepesi. Nilipoufungua nikakuta nguo ni zilezile nilizozipiga pasi wiki iliyotangulia, na mstari wa pasi yangu bado umesimama kwenye suruali. Hakuna iliyovaliwa. Nilimwita Radhia kabla hajafika mlangoni, na mara hii nilimwambia yote. Uso ulimpauka. Alikimbia bila mwavuli kutafuta wakili, na wakili alipopata kibali cha kuingia, siku nne zilikuwa zimepita, na Shedli alikuwa amekufa kwa kifua kikuu, akazikwa siku mbili kabla. Watu wa gereza walisema walituma taarifa. Haikumfikia mtu.

Pamoja na karatasi za kifo walirudisha sweta moja. Radhia hakupata nafasi ya kulificha. Bi Manubia alipanda nalo kwenye paa, akaligeuza ndani nje, mpaka kwenye kiwiko.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda. Wanawake walikuwa wameketi ukutani, na bibi katikati, mkavu wa macho. Alinionyesha nafasi karibu naye. Nikaletewa kahawa.

"Tangu lini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu mwezi wa kumi na mbili."

"Dada yangu aliugua ugonjwa huo tukiwa wasichana. Alipona. Ana wajukuu. Ningejua, ningekwenda kulala kwenye mlango wa gereza. Wangenifukuza, ningerudi."

Nilimwambia kwamba Radhia alikuwa akimlinda, asimkasirikie.

"Radhia ni mwanangu, sina mwingine. Nimeshamsamehe. Lakini Radhia sikumuuliza. Wewe nilikuuliza."

Hakupandisha sauti. Aliniambia ninywe kahawa yangu, nikimaliza niende. Wanawake wengine hawakujua tumesema nini; mmoja alinisindikiza mpaka mlangoni na kunishukuru kwa kuja.

Mwezi wa tano Bwana Monji aliniuliza kwa nini ule mfuko wa kila Jumanne hauji tena. Nikamwambia mteja amehama.